Msumari Mmoja, Mbingu Tatu

Wako watu wanaokufa wakawaachia watoto mali ya kugombea. Chen Shui-mu hakuwa na mali, ila nyumba ndogo nyuma ya soko la samaki la mji wa Lukang na gereji ya pikipiki yenye paa la bati lililotoboka, kwa hiyo watoto wake wakamgombea yeye mwenyewe. Wala hawakungoja afe. Walimgombea angali na pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Jumanne asubuhi daktari aliita familia na kusema kwamba yeye amefika mwisho wa kazi yake, sasa wakae washauriane. Hsiu-luan, mke wa Shui-mu kwa miaka hamsini na mitatu, hakuona cha kushauriana.

"Tunamrudisha nyumbani," alisema.

Daktari hakubisha. Kila mzee wa Lukang huomba hivyo. Mtu akikata roho ndani ya nyumba yake, amefia kwake. Akikata roho nje, hata kama ni hatua tatu tu kutoka mlangoni, mlango ule haumhusu tena. Hupigiwa hema barabarani kama muuza maji ya miwa, na mababu zake wakabaki ndani wakimtazama kwa mbali. Watoto wa Lukang hulijua jambo hili kabla hawajajua kuhesabu. Shui-mu mwenyewe alilitamka mara moja tu, mwezi uliopita, kabla hawajamtia mpira kooni. "Mama Chin-fa," alimwambia mkewe, "usiniache nikafia kwenye vigae vya watu."

Hsiu-luan alimwambia hatamwacha. Hakuwa ameahidi mambo mengi maishani mwake, na aliyoahidi aliyatimiza.

Watoto wao walikuwa watatu, wote watu wazima, wote watu wa dini, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Chin-fa, kifungua mimba, alikuwa wakala wa bima siku sita za juma na mzee wa kanisa siku zote saba. Li-hsueh, binti wa kati, alikuwa hajala nyama kwa miaka kumi na mmoja na hakuna mtu aliyekaa naye dakika tano bila kuambiwa hivyo. Alikuwa mfuasi wa Budha, katika kundi la akina mama wanaokwenda kuwaimbia wanaokufa jina la Amitabha ili wapokelewe kwenye Nchi Safi ya magharibi. Kuo-tung, kitinda mimba, alikuwa mjumbe wa kamati ya hekalu la Mama wa Bahari, kazi ambayo aliifanya kwa bidii kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Na baba yao, kosa lake moja lilikuwa kukubali. Mchungaji Hsieh wa kanisa la Chin-fa alipokuja wodini na kapu la mapeari, akazungumza naye kwa upole, akamuuliza kama angependa kubatizwa, Shui-mu alisema ndiyo, akatiwa maji utosini. Wiki mbili baadaye Li-hsueh akamleta kiongozi wa kundi lake, Dada Lan, akamvisha shanga mkononi na kumtaka atamke kwamba anamkimbilia Budha. Shui-mu akatamka. Kuo-tung aliposikia alicheka sana, akachomeka hirizi ya karatasi ya manjano chini ya mto wa baba yake na kusema huyu hana haja ya kuingizwa popote, alizaliwa ndani. Shui-mu akamshukuru. Wauguzi walipobadilisha mashuka walilazimika kuhamisha msalaba, shanga na hirizi, na mmoja wao akasema mzee huyu ameweka akiba katika benki zote.

Hsiu-luan alimuuliza siku ile ile. "Sasa wewe ukifa utaenda wapi?"

"Kwenye foleni fupi."

"Unawadanganya watoto."

"Nimemdanganya nani? Mtu akikuletea chai unakunywa. Huanzi kumuuliza majani yamechumwa mlima gani." Kisha akafumba macho, akaongeza, "Mapeari yalikuwa mazuri."

Hayo yalikuwa mwezi uliopita. Sasa hakuweza kusema tena, na kila mtoto alikuwa na ndiyo yake mkononi, ameishika kama hati ya kiwanja.

*

Walikutana kwenye ukumbi wa hospitali, kila mmoja na simu sikioni. Hsiu-luan alikaa kwenye kiti cha plastiki, amepakata mfuko wenye nguo safi za mumewe, na machozi yakaanza kumtoka yenyewe, bila sauti.

Li-hsueh ndiye aliyeona kwanza. Akachutama mbele yake. "Mama, usilie. Nakuomba. Akisikia kilio atashikwa na huruma ya dunia, atashindwa kuondoka. Na chozi likimdondokea ndiyo kabisa, ni kama umemfunga kamba mguuni."

Hsiu-luan akajifuta kwa mkono wa blauzi.

"Mwache alie kidogo," alisema Chin-fa, akiziba simu kwa kiganja. "Ila, Mama, tusilie kama watu wasio na tumaini. Baba anaenda kwa Bwana. Chozi la shukrani, sawa. Lakini kuomboleza, watu wa kanisa watanielewaje?"

"Nyie mnamfundisha Mama kulia?" Kuo-tung alikuwa ameegemea ukuta. "Mama, wewe lia. Tena tukifika nyumbani lia kwa sauti hadi sokoni wasikie. Mzee akiondoka kimya kimya watasema watoto wake hawakumpenda. Mimi nitakuwa naonana nao kila siku hekaluni, si hawa."

Mama huyo wa miaka sabini na sita aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amewazaa wote watatu kwa uchungu na hakuna aliyemwelekeza alie vipi. Machozi yakamkauka. Akafungua mfuko na kukunja upya nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

"Gari la wagonjwa liko tayari?" aliuliza.

"Liko tayari," alijibu Kuo-tung. "Mimi natangulia na pikipiki nikafunike meza ya mababu, wasitazame kifo."

"Kufunika tu?" Chin-fa alikata simu. "Kuo-tung, Baba amebatizwa. Hawezi kulazwa chini ya sanamu."

"Ni picha za babu yako. Unamwita babu yako sanamu?"

"Jamani," alisema Li-hsueh kwa sauti ya chini, ile sauti aliyojifunza kwenye mikutano, ambayo iliwaudhi watu kuliko kelele. "Tuwe na moyo wa amani. Baba akifa asiguswe kwa muda wa saa nane, roho itoke polepole. Hilo tu ndilo ninaloomba. Saa nane, na picha ya Amitabha mbele ya macho yake."

"Saa nane! Mchungaji ana ibada nyingine saa kumi."

"Basi aende kwenye ibada nyingine."

Hsiu-luan akasimama. "Baba yenu anasikia," alisema, ingawa mlango wa wodi ulikuwa umefungwa na hakuna aliyeweza kusikia kitu. Wakamfuata kwenye lifti.

*

Ndani ya gari la wagonjwa alikuwamo muuguzi, mama mnene wa makamo aitwaye Pao-chu, ambaye kazi yake kwa miaka kumi na minne ilikuwa hiyo, kuwarudisha wazee majumbani. Alikuwa amekaa upande wa kichwa cha Shui-mu, akikibinya kile kifuko cha mpira cha kusukumia hewa, akiachia, akibinya, bila haraka, kama mtu anayekanda unga wa familia yake. Hsiu-luan alikaa pembeni ameshika mkono wa mumewe. Chin-fa alijibanza karibu na mlango na Biblia mapajani; Li-hsueh alikuwa ametangulia kwa teksi.

Gari lilipoondoka Hsiu-luan aliinama sikioni kwa mumewe. "Shui-mu, tumetoka getini. Tunaelekea nyumbani. Ufuate." Mtu anayerudishwa huonyeshwa njia, asije akapotea katikati. Mama yake alimwonyesha njia baba yake, na yeye sasa alikuwa anafanya vivyo hivyo. "Hapa ni daraja, Shui-mu. Tunavuka. Shika vizuri."

"Mama," alisema Chin-fa.

"Tumevuka."

"Mama, usimwambie mambo ya daraja. Roho ya Mkristo haihitaji kuelekezwa. Bwana anaijua njia."

"Mimi sisemi na roho. Nasema na mume wangu." Akageukia tena sikio lile. "Shule waliyosoma watoto. Wamepaka rangi mpya, ya kijani, mbaya kweli."

Pao-chu akaangalia dirishani ili asicheke. Halafu alisema kwa upole, "Endelea, bibi. Mapigo yake yanatulia ukiongea."

Chin-fa akafungua Biblia. Hakusoma. Simu yake ililia mara tatu, na kila mara alisema, "Tuko njiani, Mchungaji, wapange waimbaji upande wa kushoto." Hsiu-luan alimwonyesha mumewe kituo cha mafuta, duka la vyungu, mti aliogonga na pikipiki mwaka walipooana. Walipokata kona ya hekalu alihisi, au alidhani amehisi, vidole vya Shui-mu vikibana kidogo.

"Soko la samaki," alimwambia. "Unasikia harufu? Tumefika kwetu."

*

Uchochoro wao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba majirani wakigombana waliweza kurushiana maneno bila kuinuka kitini. Asubuhi ile ulikuwa umejaa. Upande wa kushoto walisimama waimbaji saba wa kanisa, mashati meupe, vitabu vya nyimbo mkononi. Upande wa kulia, Dada Lan na wenzake wanane katika kanzu nyeusi, na kigongo chao cha mbao cha kupigia mdundo. Katikati, kwenye kiti cha Shui-mu mwenyewe, kile alichokuwa akikalia mbele ya gereji, aliketi Kuhani Wu wa dini ya Tao, kengele mapajani, akinywa soda. Gari likasimama hatua sita kutoka mlangoni. Halikuweza kusogea zaidi bila kumkanyaga mtu wa Mungu.

"Mshusheni," alisema Hsiu-luan.

"Dakika moja, Mama," alijibu Chin-fa, akaruka chini. "Nikaone wameandaa nini."

Sebuleni Kuo-tung alikuwa amelaza mbao za kitanda na kufunika meza ya mababu kwa karatasi nyekundu, kazi safi, hata pembe zilikunjwa. Ukuta uliokitazama kitanda ulikuwa mtupu, ila kwa msumari mmoja ambao siku zote ulibeba kalenda ya duka la mafuta ya pikipiki. Shui-mu aliupigilia msumari ule mwaka aliozaliwa Li-hsueh. Ulikuwa ndio msumari pekee, maana nyumba ilikuwa ya saruji ya zamani na kila aliyejaribu kupigilia mwingine aliishia na shimo na kidole kilichovimba.

Mlango ulikuwa wazi, na nyuma ya gari pia palikuwa wazi, kwa hiyo Hsiu-luan alisikia kila neno.

"Nani ametundika hii?" Hiyo ilikuwa sauti ya Chin-fa.

"Mimi," alisema Li-hsueh. "Akifumbua macho mara ya mwisho lazima amwone Amitabha. Ndiye atakayempokea."

"Akifumbua macho ataona msalaba. Nimekuja nao. Toa hiyo."

"Kaka, sitoi. Hapo ndipo macho yake yanapofika. Wewe weka pembeni."

"Msalaba pembeni? Yaani Bwana wangu akae pembeni kama mpishi?"

"Hakuna cha msalaba wala picha," alisema Kuo-tung. "Ukuta huo ni wa vitambaa vya Kuhani Wu. Amevibeba kutoka Changhua kwa basi."

"Wewe nyamaza. Huna kazi, ndiyo maana una muda wa mashetani."

"Na wewe una kazi ya kuwatisha watu na kifo Jumatatu ili wanunue bima, halafu Jumapili unawaambia wasiogope kufa. Chagua moja."

Mtu mmoja uchochoroni akacheka, akajifanya anakohoa. Waimbaji waliinamisha vichwa kwenye vitabu vyao. Wenzake Dada Lan walifumba macho, kila mmoja akijitahidi kuwa na moyo wa amani kuliko mwenzake. Kuhani Wu alinyanyua kopo la soda akakuta limekwisha.

"Chin-fa!" Hsiu-luan aliita kutoka garini. "Mshusheni baba yenu!"

"Dakika moja!"

"Li-hsueh!"

"Dakika moja tu, Mama, wasije wakaweka kitu kibaya."

Mchungaji Hsieh, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliingia akasema labda wangeweza kuongea hayo baadaye. Dada Lan akaingia nyuma yake asije akaachwa nje ya uamuzi. Kuhani Wu naye akaona kukaa nje ni kushindwa. Wakawa sita ndani ya sebule ndogo, wakizunguka msumari mmoja, kila mwamba ngoma akivutia kwake, na kalenda ya Shui-mu iko chini wanaikanyaga.

"Basi tupigilie misumari mingine," alisema Li-hsueh. "Kuo-tung, nyundo ya Baba iko wapi?"

"Gereji. Kwenye sanduku la juu."

"Kalete nyundo."

"Kalete wewe, mimi si mtumishi wako."

"Nyundo!" alisema Chin-fa. "Kuna mtu anaweza kuleta nyundo?"

Ndani ya gari Pao-chu aliacha kubinya. Aliweka vidole viwili shingoni mwa Shui-mu, akavisogeza, akavisogeza tena. Aliangalia kimashine chake kidogo, akakizima sauti kabla hakijalia.

"Bibi," alisema.

Hsiu-luan alimtazama.

"Amekwenda, bibi."

"Lini?"

"Sasa hivi. Walipokuwa wanaulizia nyundo."

Hsiu-luan alitazama mlango wa nyumba yake. Hatua sita. Aliweza kuona kizingiti, na mikwaruzo ya baiskeli kwenye fremu, na mgongo wa Chin-fa ndani ya koti lake jeusi. Hakulia. Kitu kilichomjia hakikuwa huzuni. Huzuni ingekuja na ingekaa, aliijua. Kilichomjia ni hasira, safi, baridi, ya kumtosha mtu kubebea jiwe.

Pao-chu alishusha sauti. "Bibi, nisikilize. Mimi naweza kuendelea kubinya. Kifua kinapanda, kinashuka. Nimewafikisha wengi hivyo, wengine kutoka mbali kuliko hapa. Tunaingia, namlaza, ndipo natoa mpira, ndipo naandika saa. Mimi sijaona kitu."

"Nipe mimi."

"Unaweza?"

"Nimekanda unga tangu nina miaka saba," alisema Hsiu-luan.

*

Machela ilishuka. Dereva alishika miguuni na Pao-chu kichwani, na Hsiu-luan akatembea ubavuni, amekishika kifuko kwa mikono miwili, akibinya, akiachia. Kifua cha Shui-mu kilipanda na kushuka.

Waliokuwa sebuleni waligeuka. Dada Lan ndiye aliyejua kwanza; alikuwa amesimama kando ya mamia ya vitanda vya namna ile. Akafungua mdomo, akaufunga. Mchungaji Hsieh alijua pia. Kuhani Wu alitazama mkono ulioning'inia nje ya shuka, rangi ya kucha zake, akaangalia pembeni. Na watoto walijua. Hakuna haja ya elimu ili mtu ajue uso wa baba yake ukiwa hauna mwenyewe.

Hsiu-luan aliisimamisha machela mbele ya kizingiti. Mikono yake haikusimama.

"Chin-fa," alisema. "Baba yako anapumua?"

Chin-fa alikuwa na msalaba kwapani. Kila Jumapili ya pili alikuwa akiwafundisha watoto amri kumi, na alipofika ile ya kushuhudia uongo alikuwa akiinua kidole. Kwake yeye, kwa imani yake, mtu kufia hatua tatu nje au ndani kulikuwa ni ushirikina mtupu. Alishasema hivyo hadharani, na kwenye mazishi ya watu wengine. Sasa ulikuwa wakati mzuri wa kulisema tena. Alitazama majirani waliojipanga mpaka sokoni. Alimtazama mama yake.

"Anapumua, Mama," alisema.

"Sikusikii."

"Anapumua."

"Li-hsueh. Wewe ulikula nadhiri ya kutosema uongo. Mwezi jana ulimgombeza muuza samaki kwa kusema kolekole wake ni wa leo. Baba yako anapumua?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Li-hsueh usoni, yale yale aliyowakataza wengine. "Anapumua, Mama."

"Kuo-tung."

"Anapumua," Kuo-tung akajibu mara moja. "Tena vizuri."

"Na nyinyi watu wa Mungu?"

Mchungaji Hsieh alisema kwamba pumzi ni zawadi ya Bwana, jambo ambalo si jibu. Dada Lan aliunganisha viganja na kuinama. Kuhani Wu, ambaye katika wote alikuwa na mazoea zaidi ya biashara hii, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mzee anahema. Mpitisheni, jua kali."

Hivyo ndivyo dini tatu, ambazo zilishindwa kukubaliana juu ya msumari, zilivyokubaliana juu ya maiti. Hawakuhitaji hata kikao. Wakapisha, mashati meupe na kanzu nyeusi wakibanana kwenye ukuta mmoja, na Shui-mu akapita katikati yao akiwa mzima.

"Kizingiti, Shui-mu," alisema Hsiu-luan. "Inua mguu. Haya. Umeingia."

*

Walimlaza juu ya mbao. Chin-fa akasogea. "Mama, sasa yatosha. Tumwachie muuguzi atoe…"

"Atoe nini? Si umesema anapumua?"

Akarudi nyuma.

Hsiu-luan alivuta kigoda kwa mguu, akakaa, akaendelea kubinya. Aliamuru picha ishuke, na msalaba utoke, na vitambaa vya Changhua vikunjwe. Aliamuru kalenda ifutwe nyayo na irudi kwenye msumari wake. Kuo-tung aliirudisha, ilikuwa ya mwezi uliopita, hakuna aliyekuwa amekumbuka kufungua ukurasa.

Kisha akazungumza na mumewe. Alimwambia kwamba yule mteja wa pikipiki nyekundu alikuja kuichukua na kulalamika kuhusu breki. Alimwambia paa la gereji limetoboka mahali pengine. Alimwambia mambo mengine kwa sauti ambayo hata Pao-chu, aliyekaa karibu, hakuyasikia. Hakuna ibada iliyoweza kuanza. Wafu wana dini, lakini aliye hai ana mke. Nje jua lilipanda, waimbaji wakakalia kizingiti cha jirani, wenzake Dada Lan wakavua viatu vilivyowabana, na mtu fulani akaleta visanduku vya chakula, ambavyo kila kimoja kilikuwa na nyama ya nguruwe. Kanzu nyeusi zikala wali mtupu na kabichi iliyochambuliwa pembeni. Mchungaji alitazama saa. Kuhani Wu alilala kitini.

Watoto walisimama ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Baada ya muda Li-hsueh alisema, "Mama, mikono yako imechoka. Nikupokee kidogo."

"Alipokuwa anataka kupokelewa mlikuwa mnatafuta nyundo."

Chin-fa aliinama akaanza kuchuna ngozi ya kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipovunja kitu gereji.

Saa sita na robo vidole vya Hsiu-luan vilikataa. Alikibinya kifuko mara moja ya mwisho, akakiachia pole pole, akakiweka juu ya shuka. Kifua kilishuka, kikabaki chini.

"Sasa amekufa," alimwambia Pao-chu. "Andika. Saa sita na robo. Nyumbani kwake."

Pao-chu akaandika. Alitoa ule mpira kooni kwa uangalifu, akafunga kinywa cha mzee kwa kiganja mpaka kikakaa.

Mara wale wa nje wakasikia, na uchochoro ukaamka. Vitabu vya nyimbo vikafunguliwa. Kigongo cha mbao kikagongwa mara mbili kujaribiwa. Kengele ya Kuhani Wu ikalia yenyewe alipokuwa akisimama.

"Mama," alinong'ona Li-hsueh, "usimguse tena, na tafadhali usilie, walau saa nane."

"Lia kidogo tu, Mama," alisema Chin-fa, "ila kwa tumaini."

Kuo-tung alikuwa tayari ameshika dirisha alifungue. "Wewe lia, Mama. Toa sauti, wako wengi nje."

Hsiu-luan alishika mkono wa mumewe, ule ulioning'inia, akaurudisha juu ya kifua.

"Tokeni nje wote watatu, mfunge mlango na hilo dirisha," alisema. "Nataka kulia, na bado sijaamua nitalia vipi."